Sura ya Sita: Homa Haiji Peke Yake

Kijitabu cha kliniki cha mama mdogo kina jalada la samawati lililofifia kwa kushikwashikwa. Ndani, kila ukurasa umechorwa safu nne kwa rula: tarehe, uzito, presha, sukari. Nilikifungua asubuhi moja tukiwa kwenye benchi, tukisubiri namba yake iitwe. Januari: 134/82, sukari 7.4. Februari: 130/80, sukari 6.9. Machi hapakuandikwa kitu. Aprili: 186/104, sukari 18.7.

“Mama mdogo, Machi ulikuwa wapi?”

“Aa, kahoma tu mwanangu. Siku nne tano hivi. Nikasema nisije kuwaambukiza watu huku.”

Nikamdadisi polepole, naye akanieleza moja baada ya jingine bila kuona kosa lolote ndani yake. Dawa ya presha aliiacha siku ya kwanza, kwa sababu tumbo lilikuwa tupu na dawa zile ni kali. Mjukuu alikimbia duka la dawa akamletea vidonge vya diklofenaki vya kuondoa maumivu ya viungo, na dawa ya mafua ya kufungua pua. Majirani walikuja kumjulia hali na soda mbili na pakiti ya glukosi, apate nguvu. Mashine ya kupimia sukari ilikuwa kabatini, lakini vijiti vilikwisha tangu Krismasi. Homa ilipokatika alibaki na uchovu na kichwa kizito, akadhani ni mabaki ya homa, wala dawa ya presha hakuirudia mpaka alipoikumbuka wiki mbili baadaye.

Katika hadithi hii hakuna aliyemtakia mabaya. Mjukuu, majirani na yeye mwenyewe walitenda wema tupu. Lakini wema huo, ukichanganyika na kirusi kidogo kisichoonekana kwa macho, ulitosha kubomoa kazi ya miezi. Sura hii inahusu mwezi ule mtupu kijitabuni.

Ndugu wawili wasioachana

Anayehudhuria kliniki ya kisukari hahitaji kuambiwa: aliyeanza na sukari, presha iko njiani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa wakiishi na kisukari. Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata wengi, tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kuwa zaidi ya nusu wana presha ya kupanda pia.

Sababu ziko kadhaa na zinasaidiana. Insulini ikiwa nyingi mwilini kwa sababu seli zimekuwa sugu kwake, figo huishika chumvi badala ya kuitoa, na chumvi huvuta maji. Mishipa iliyokaa kwenye damu yenye sukari kwa miaka hukakamaa kama mpira wa zamani wa baiskeli. Figo zenyewe zikianza kuchoka, presha hupanda, na presha ikipanda figo huzidi kuchoka.

Uzito wa jambo hili ulipimwa vizuri Uingereza. Mwaka 1998 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa UKPDS. Wagonjwa 1,148 wenye kisukari cha aina ya pili na presha waligawanywa makundi mawili, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka minane. Kundi moja presha yao ilibanwa mpaka wastani wa 144/82. La pili ilifika wastani wa 154/87. Tofauti ni pointi kumi tu kwenye namba ya juu. Lakini katika kundi lililobanwa, vifo vinavyotokana na kisukari vilipungua kwa asilimia 32 na kiharusi kwa asilimia 44. Tangu hapo daktari anayejua kazi yake hamwangalii mgonjwa wa sukari bila kumfunga mkono kwa kipimo cha presha.

Kwa hiyo mtu mwenye sukari na presha anaishi kwa mizani. Dawa, chakula, kutembea na usingizi huiweka mizani sawa. Sasa ingiza homa.

Ufa katika ukuta

Mishipa yote ya damu, kuanzia ule mkubwa unaotoka moyoni hadi ule mwembamba kuliko unywele, imetandikwa kwa ndani utando wenye unene wa seli moja tu. Kwa muda mrefu wataalamu waliuona utando huo kama karatasi ya kupambia ukuta. Mwaka 1980 mtafiti wa Kimarekani Robert Furchgott alionyesha kwamba utando huo unafanya kazi: unatoa kitu kinachoiambia misuli ya mshipa ilegee. Baadaye kitu hicho kilijulikana kuwa ni gesi ya naitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Utando ukiwa mzima, mshipa hulegea, damu hupita na haigandi. Utando ukiumia, mshipa hubana, presha hupanda na damu hutafuta pa kugandia.

Sukari huumiza utando huu taratibu, kwa miaka. Presha huugonga kila moyo unapopiga, zaidi ya mara 80,000 kwa siku. Virusi huja kwa vurugu na kuumiza ndani ya siku chache. Wote watatu wanakutana mahali pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta: waliosema hivyo walikuwa wakiwaza nyumba, lakini daktari wa mishipa angeweza kuibandika mlangoni kwake.

Tazama linalotokea mwilini siku ya kwanza ya homa. Mwili umegundua mvamizi na kupiga mbiu. Tezi zilizo juu ya figo zinamimina kotisoli na adrenalini. Homoni hizi zinaliamuru ini lifungue ghala la sukari ili askari wa mwili wapate nguvu, na wakati huohuo zinaizuia insulini isifanye kazi yake. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini na mambo yanakwisha. Kwa mwenye kisukari, kongosho halina cha kuongeza. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda na kulala bila kutia kitu kinywani, na bado sukari ikapanda hadi 18. Wengi hawaamini mpaka wajionee wenyewe kwenye mashine.

Sukari ikishapanda hivyo, figo huimwaga kwenye mkojo pamoja na maji. Mgonjwa hukojoa, hukauka, damu huwa nzito. Seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wenyewe, hufanya kazi kivivu kwenye damu yenye sukari nyingi. Adrenalini inabana mishipa na kuupiga moyo mbio, na presha inapanda. Halafu, ugonjwa ukizidi na maji yakipungua sana, presha hiyohiyo inaweza kuporomoka ghafla. Kwa mwenye sukari, homa inaweza kuipandisha presha asubuhi na kuishusha jioni. Hakuna awezaye kuijua kwa kumtazama mgonjwa usoni.

Madhara hayo hayahitaji kirusi kipya kama cha corona. Mwaka 2018 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichapisha hesabu ya watu waliolazwa kwa shambulio la moyo na ambao vipimo vilithibitisha kuwa waliugua mafua ya influenza karibu na wakati huo. Walilinganisha wiki ya kwanza baada ya kuthibitishwa kwa mafua na wiki nyingine za maisha ya watu haohao. Katika siku saba zile, uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulikuwa mara sita zaidi. Mafua yaleyale ambayo huku kwetu tunasema yatapita yenyewe.

Sungura, nyoka na mlango wa corona

Ili kuelewa kwa nini corona iliwakamata zaidi wenye sukari na presha, lazima turudi nyuma kidogo, hadi Stockholm mwaka 1898. Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakachuja maji yake, wakawadunga sungura wengine. Presha ya sungura hao ikapanda. Kitu kilichokuwamo wakakiita renini. Miongo mingi ilipita kabla watafiti wengine hawajaufunua mnyororo mzima. Renini ya figo huanzisha kazi. Hutengenezwa kitu kinachoitwa angiotensini ya kwanza. Kimeng’enya kiitwacho ACE huigeuza kuwa angiotensini ya pili. Hii ya pili ndiyo kali: inabana mishipa na kuuamuru mwili ushike chumvi.

Upande wa pili wa dunia, wafanyakazi wa mashambani Brazili walikuwa wakiumwa na nyoka aitwaye jararaca na kuanguka chini, presha ikiwa imeporomoka. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mbrazili Sérgio Ferreira alichunguza sumu ya nyoka huyo na kuipeleka London, kwenye maabara ya John Vane. Ikaonekana kwamba ndani ya sumu mna vitu vinavyoizuia ACE isifanye kazi. Kwa kufuata umbo la vitu hivyo, wanakemia wa kampuni ya Squibb nchini Marekani walitengeneza kidonge cha kaptopuri, kilichoruhusiwa huko mwaka 1981. Ndugu zake ni enalapril na lisinopril. Losartan na jamaa zake huja kwa njia nyingine kidogo: huiacha angiotensini ya pili itengenezwe, kisha huufunga mlango inapoingilia. Angalia pakiti yako. Jina likiishia na “pril” au “sartan”, unakunywa matunda ya sungura wa Stockholm na nyoka wa Brazili. Wenye kisukari hupewa dawa hizi zaidi kwa sababu, mbali na kushusha presha, huzilinda figo zilizoanza kuvujisha protini kwenye mkojo.

Mwaka 2000 akagunduliwa ndugu wa ACE, akaitwa ACE2. Kazi yake ni kinyume: huivunja angiotensini ya pili na kuifanya kitu kinacholegeza mishipa. Kama basi, ACE anakanyaga mafuta na ACE2 anashika breki. Mapema mwaka 2020 ikathibitika kwamba kirusi cha corona huingia kwenye seli kwa kushika ACE2 iliyo juu yake. Kirusi kikiingia, huburuta breki hiyo ndani, na iliyobaki nje hupungua. Kwa mtu ambaye mishipa yake tayari imekakamaa kwa sukari na presha, basi hilo limeshapakia kupita kiasi na sasa linateremka mlima.

Matokeo yake yalionekana upesi. Kati ya Machi 1 na Mei 11, 2020, watu 23,698 walikufa kwa corona katika hospitali za England. Karibu theluthi moja walikuwa na kisukari. Hata baada ya kuhesabu umri, jinsia, kabila na hali ya maisha, mwenye kisukari cha aina ya pili alikuwa na uwezekano wa kufa mara mbili ya asiye nacho.

Hofu iliyotoka maabara

Hapo ndipo ilipozuka hofu ambayo inafaa ikumbukwe, kwa sababu inarudi kwa sura nyingine kila mara. Machi 11, 2020, jarida moja la Lancet lilichapisha barua fupi ya watafiti watatu. Waliuliza: ikiwa dawa za “pril” na “sartan” zaweza kuongeza ACE2, je, haziwafungulii mlango virusi? Lilikuwa swali halali la kisayansi. Lakini barua ilitoka kwenye jarida ikaingia magazetini, kutoka magazetini ikaingia kwenye simu, na kufika kwenye simu swali lilikuwa limeshageuka amri: acheni dawa za presha.

Siku mbili baadaye baraza la wataalamu wa presha katika Chama cha Madaktari wa Moyo cha Ulaya lilitoa tamko: endeleeni na dawa, hakuna ushahidi. Lakini tamko halina miguu ya uvumi. Ilibidi jambo lipimwe, na lilipimwa Brazili kwenyewe, nchi ya jararaca. Utafiti wa BRACE CORONA uliwachukua wagonjwa 659 waliolazwa kwa corona ambao tayari walikuwa wakitumia dawa hizo. Kwa kura, nusu waliambiwa waache kwa siku 30, nusu waendelee. Matokeo yalichapishwa Januari 2021. Waliofariki kati ya walioacha walikuwa asilimia 2.7, kati ya walioendelea asilimia 2.8. Kuacha dawa hakukumsaidia mtu.

Mama mdogo hakusoma Lancet. Aliacha dawa kwa sababu ya tumbo tupu. Lakini kosa ni moja: kudhani kwamba mgeni mpya akiingia, wa zamani wamepisha. Presha haichukui likizo kwa sababu homa imekuja.

Corona ilitufundisha na jambo la pili. Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wanaopumua kwa mashine. Iliokoa maelfu. Lakini ni dawa ya jamii ya kotisoli, na kama tulivyoona, kotisoli hupandisha sukari. Kwa hiyo mwenye kisukari anayepewa dawa hiyo anahitaji kupimwa sukari mara kwa mara wadini, na asiyehitaji oksijeni hana sababu ya kuinywa nyumbani kwa ajili ya corona. Utafiti uleule haukuona faida yoyote kwa wasiohitaji oksijeni.

Kirusi kikiondoka, deni linabaki

Swali linalofuata ni la wengi: nikipona, nimepona? Kwa presha, jibu si la moja kwa moja. Mwaka 2023 watafiti wa Montefiore, mtaa wa Bronx mjini New York, walifuatilia watu ambao hawakuwa na presha kabla. Miongoni mwa waliolazwa kwa corona, asilimia 21 waligunduliwa kuwa na presha baadaye. Waliougua bila kulazwa walikuwa asilimia 11. Kwa waliougua influenza, hesabu ilikuwa asilimia 16 kwa waliolazwa na asilimia 4 kwa wasiolazwa. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kirusi ndicho kilichosababisha presha. Huenda kwa baadhi yao presha ilikuwepo na haikuwa imepimwa. Hata hivyo unatosha kumfanya aliyepona arudi kupima.

Kuna virusi visivyoondoka kabisa. Saitomegalo ni kimoja. Wengi wetu tulikipata utotoni, kikatulia mwilini, hatujui. Mwaka 2009 watafiti wa Boston waliwaambukiza panya kirusi cha jamii hiyo, presha yao ikapanda, na seli zilizoambukizwa zikaongeza renini ya Tigerstedt na angiotensini ya pili. Panya si mtu, na kwa binadamu uhusiano huo bado unachunguzwa. Lakini umefungua wazo kwamba sehemu ya presha tunayoibebesha chumvi na uzito peke yake inaweza kuwa na mkono wa virusi vya zamani.

VVU tunavijua zaidi. Dawa za kufubaza virusi zimewapa watu maisha marefu, na maisha marefu yameleta magonjwa ya watu wazima: presha, sukari, figo. Baadhi ya dawa za sasa huambatana na kuongezeka uzito, na uzito huvuta sukari. Kwa muda mrefu mgonjwa mmoja alikuwa na foleni tatu, kadi tatu, siku tatu za nauli. Utafiti wa INTE-AFRICA katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda, uliochapishwa mwaka 2023, uliwaweka wenye VVU, kisukari na presha kwenye kliniki moja. Huduma ya VVU haikuharibika: takribani asilimia 97 ya wenye VVU waliendelea kuwa na virusi vilivyofubazwa, sawasawa na waliokuwa kwenye kliniki za peke yao. Wagonjwa wa sukari na presha nao walibaki kwenye huduma. Foleni moja inatosha.

Na homa ya dengue, ambayo imeitikisa Dar es Salaam zaidi ya mara moja, ukiwemo mlipuko mkubwa wa 2019, ina tabia yake. Mishipa huvujisha maji, na presha inaweza kushuka hasa siku homa inapokatika, wakati nyumba nzima inashukuru Mungu kwamba mgonjwa amepona. Shirika la Afya Duniani linamweka mwenye kisukari au presha kwenye kundi la kuangaliwa kwa karibu katika dengue. Kwa ugonjwa huu aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hazifai, kwa kuwa zinaweza kuongeza kutokwa damu.

Siku tano za nyumbani

Turudi nyumbani kwa mama mdogo, tuzipitie siku zile tano upya.

Kwanza, dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha na kuzibana figo, na kwa anayetumia “pril” au “sartan” pamoja na dawa ya kukojoa, figo zinaweza kuzidiwa ghafla. Parasetamoli ya kawaida, kwa kipimo chake, ni salama zaidi. Ile ya kuyeyushwa kwenye maji ikatoa povu ina chumvi nyingi ya sodiamu, kwa hiyo mwenye presha achague ya kumeza. Dawa nyingi za kufungua pua zina kemikali zinazobana mishipa ya pua, na hazibagui, hubana na mingine. Dawa za maji za kikohozi mara nyingi zina sukari. Dukani sema maneno haya kabla hujasema unaumwa nini: “Nina sukari na presha.”

Pili, dawa za kila siku. Ikiwa ni mafua na homa, na mgonjwa anakunywa maji na hatapiki, dawa za presha ziendelee. Hali hubadilika akitapika au kuhara sana: mwili ukikauka, metformin, dawa za kukojoa, “pril” na “sartan” zinaweza kuhitaji kusimamishwa kwa siku chache. Uamuzi huo ni wa mhudumu wa afya, kwa simu au ana kwa ana, na ipangwe siku ya kuzirudia. Anayetumia insulini asiiache kabisa hata kama hali chakula. Kipimo kinaweza kubadilishwa, lakini kuiacha ni hatari kubwa.

Tatu, kinywaji. Maji, supu nyepesi, chai bila sukari, kidogokidogo na mara nyingi. Soda na glukosi ni za siku sukari imeshuka, na sukari iliyoshuka hujulikana kwa kupima.

Nne, na hili ndilo kubwa, kupima. Siku ya homa sukari ipimwe kila baada ya saa nne hivi, presha asubuhi na jioni. Presha ina adabu yake: keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono usio na nguo umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu. Pima mara mbili, andika zote. Kwa wengi wenye kisukari, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka namba ya juu iwe chini ya 130.

Usisubiri kesho ukiona sukari imekaa juu ya 15 vipimo viwili mfululizo, kutapika kusikokoma, pumzi inayonukia kama tunda lililoiva, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, maumivu ya kifua, au upande mmoja wa mwili kulegea. Presha ya 180/120 na zaidi yenye dalili yoyote kati ya hizo ni ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Na tano, linalotangulia yote: chanjo. Mwulize daktari wako kuhusu chanjo ya mafua na ya homa ya ini aina B. Chanjo za corona zilipoanza kutolewa Tanzania Julai 2021, wenye magonjwa ya muda mrefu waliwekwa kundi la mbele pamoja na wahudumu wa afya na waliozidi miaka 50. Halikuwa pendeleo. Ilikuwa ni hesabu ya nani anakufa.

Namba ya mama mdogo iliitwa, akaingia. Alitoka na dozi iliyoongezwa na miadi ya wiki mbili. Njiani tulipita duka la dawa tukanunua vijiti vya kupimia, boksi moja. Nyumbani nikachukua karatasi, tukaandika pamoja kwa herufi kubwa: dawa anazotumia na vipimo vyake, dawa asizopaswa kupewa, namba ya simu ya kliniki, na jina la jirani mwenye gari. Tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, mahali ambapo mjukuu hawezi kuikosa.

Ilituchukua dakika ishirini. Kama nyumbani kwako kuna mwenye sukari, iandike leo akiwa mzima. Homa ikishaingia, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kutafuta kalamu.